Tangi jipya la lita 200: nichukue kichujio cha sponji au cha mkebe?

#1 TangiJipya
Wanajamvi, habari zenu. Nimepata tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 100, upana wa 40 na kimo cha 50, yaani lita 200 kamili, na sasa nimekwama kwenye kichujio. Nakusudia kufuga tetra (samaki wadogo wa kuogelea kwa makundi), kambale wadogo wa aina ya koridora wanaoishi sakafuni, na pengine kamba wadogo wachache, pamoja na mimea ya kawaida isiyohitaji matunzo makubwa. Muuzaji anasema tangi la ukubwa huu haliendeshwi bila kichujio cha mkebe, kile kinachokaa nje ndani ya kabati, na kwamba ni lazima kisukume maji yote ya tangi mara 4 kwa saa. Rafiki yangu, ambaye ameanza ufugaji huu zamani kuliko mimi, anacheka na kusema kwamba sponji mbili na pampu ya hewa, ambayo mapovu yake huvuta maji kupitia sponji, zinatosha kabisa. Naomba mnieleze nimsikilize nani na kwa sababu gani, maana ninachotafuta hapa ni sababu zaidi ya jina la kifaa.

#2 SponjiTu
Msikilize rafiki yako. Sponji haina injini ndani ya maji, haimezi samaki mchanga wala kamba, inaoshwa kwa kukamuliwa kwenye ndoo, na mapovu yake yanatikisa uso wa maji muda wote. Kilichobaki ni mapambo ya kabati.

#3 FundiPampu
Nilijua SponjiTu atafika kabla ya wino kukauka. Mleta mada, sponji ni kifaa kizuri kwa tangi la makinda na kwa tangi la karantini, lakini kwenye tangi la mita moja mapovu hayana nguvu ya kusogeza maji kutoka pembe moja hadi nyingine, kwa hiyo uchafu utalala katikati na wewe utaishia kuufuata na mpira wa kunyonyea kila mara. Kichujio cha mkebe kina nafasi ya kupanga vichujio kwa tabaka: sponji nene mwanzo, kisha sponji laini, kisha pete za kauri ambamo bakteria wa Nitrobakta wanaishi na kumalizia kazi ya kusafisha sumu. Kipo pia kichujio cha kuning'inia mgongoni mwa tangi, nacho ni cha katikati. Kinatosha hadi kwenye lita 100 hivi, na baada ya hapo utahitaji viwili.

#4 JichoLaKioo
Kabla hatujafika mbali, naomba turekebishe hesabu ya mleta mada, kwa kuwa kila mtu hapa atapima kichujio kwa lita 200 ambazo hazipo. Vipimo vya 100 kwa 40 kwa 50 ni vya nje. Kama kioo kina unene wa sentimita 1, ndani unabaki na 98 kwa 38. Ukiacha sentimita 4 juu ili samaki wasiruke na maji yasimwagike, na ukitoa unene wa kioo cha chini, kimo cha maji ni 45, na jumla ni takribani lita 168. Weka changarawe ya sentimita 5, ambayo sehemu kubwa yake ni mawe na iliyobaki ni maji katikati ya mawe, na utaangukia karibu na lita 156. Bado hujaweka gogo wala jiwe moja la pambo.

#5 TangiJipya
Ahsante, JichoLaKioo. Kwa hesabu hiyo mara 4 kwa saa ni lita 624 badala ya 800. Muuzaji alinionyesha mashine iliyoandikwa lita 1,000 kwa saa, na akasema ndiyo saizi yangu.

#6 JichoLaKioo
Namba ya kwenye boksi hupimwa pampu ikiwa tupu, bila vichujio ndani. Pima mwenyewe: toa bomba la kurudishia maji, lielekeze kwenye jagi lenye alama ya lita 2 ukilishika usawa uleule linapokaa siku zote, na uhesabu sekunde. Likijaa kwa sekunde 12, mtiririko wako ni lita 600 kwa saa, hata kama boksi linaimba 1,000. Rudia kipimo hicho kabla ya kuosha mkebe na baada ya kuuosha, nawe utajua ni lini unaziba bila kusubiri samaki wakuambie.

#7 MkemiaWaNdoo
Naona mjadala umeanzia kwenye mashine, na mimi naomba tuanzie kwenye sumu, kwa kuwa ndiyo inayoamua. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na chakula kilichobaki kikioza huongeza amonia nyingine. Bakteria wa kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wa kundi lingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiwango cha kadiri na ambayo wewe huipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hawa hawaelei wakitafuta kazi. Wanajishikiza kwenye sehemu ngumu ambako maji yenye oksijeni yanapita. Sponji ni sehemu ya namna hiyo, pete ya kauri pia, na vivyo hivyo changarawe, kioo na majani ya mimea. Kwa hiyo swali la kwanza ni samaki wangapi, wanalishwa kiasi gani, na sumu yao itatibiwa wapi. Tetra ishirini na koridora wanane katika lita 156 ni mzigo mdogo; samaki wa dhahabu wawili wakubwa humo humo ni mzigo mwingine kabisa.

#8 BibiGapi
Nakubaliana na Mkemia kuhusu mzigo. Ila mkumbuke pia kwamba maji yenye pH kubwa (kipimo cha uasidi; ikiwa kubwa, uasidi ni mdogo) ni hatari zaidi. Nilisoma kwamba pH ikifika 8, nusu ya amonia yote inakuwa katika lile umbo lake lenye sumu kali.

#9 MkemiaWaNdoo
BibiGapi, mwelekeo ni sahihi lakini nusu ni nyingi mno. Katika nyuzi 25 za selsiasi, pH ikiwa 7 sehemu yenye sumu kali haifiki asilimia 1. pH ikiwa 8 ni takribani asilimia 5. Na hata kwenye 9 ni zaidi kidogo ya theluthi. Bado ni jambo zito, kwa kuwa kutoka 7 hadi 8 sumu imeongezeka karibu mara kumi bila amonia yenyewe kuongezeka hata chembe.

Na FundiPampu, bila kukuvunjia heshima, Nitrobakta uliyemtaja kwenye #3 amekaa kwenye vitabu vya ufugaji kwa muda mrefu kuliko anavyokaa kwenye vichujio vyetu. Mwaka 1998 watafiti waliochunguza matangi ya maji baridi walikuta kwamba kazi ya kugeuza nitriti inafanywa na jamii ya Nitrospira. Halafu mwaka 2015 ikatangazwa kwamba wapo Nitrospira wanaoweza kufanya hatua zote mbili peke yao, kutoka amonia hadi nitrati.

#10 FundiPampu
Nimepokea marekebisho. Nitrospira naye akiletwa hapa, atahitaji mahali pa kukaa, na pete za kauri zina eneo kubwa kuliko sponji.

#11 SponjiTu
Eneo la kwenye karatasi. Vitundu vya ndani ya pete ni vidogo kiasi kwamba ute wa bakteria wenyewe unaviziba, na maji mapya hayafiki humo. Kinachofanya kazi ni ngozi ya juu ya pete. Sponji yenye matundu ya wastani maji yanapita kila upande wake.

#12 FundiPampu
Kama ngozi ya juu tu ndiyo inayofanya kazi, basi nieleze kwa nini tangi langu lenye samaki wakubwa linaendeshwa na mkebe mmoja uliojaa pete, na vipimo vya amonia na nitriti viko sifuri.

#13 SponjiTu
Kwa sababu eneo linalohitajika ni dogo kuliko watengenezaji wanavyotaka tuamini. Ungeweka sponji tupu humo ndani ungepata sifuri hiyohiyo.

#14 Mhasibu_wa_Maji
Salaam. Mnabishana kuhusu mara 4 kwa saa bila kuuliza maana yake. Watu wengi hudhani kwamba pampu ikisukuma lita 156, maji yote yameshapita kwenye kichujio. Sivyo, kwa sababu maji yaliyochujwa yanarudi na kuchanganyika na yasiyochujwa, na pampu inayavuta tena. Ikiwa mchanganyiko ni kamili, baada ya mzunguko mmoja ni asilimia 63 tu ya maji ndiyo yaliyopita. Asilimia 37 hayajagusa sponji. Baada ya mizunguko 4 yaliyobaki bila kupita ni chini ya asilimia 2. Kwa hiyo kanuni ya mara 4 ina mantiki kwa mtu anayetaka maji yote yapite ndani ya saa moja, lakini hakuna mahali palipoandikwa kwamba ni lazima iwe saa moja. Kwa mzigo mdogo, hata saa mbili si neno.

#15 JichoLaKioo
Hesabu ni safi, na neno la kuangalia humo ni "kamili". Kwenye tangi refu lenye mimea mingi maji hayachanganyiki hivyo. Tupia chembe chache za chakula kilichosagwa upande wa mbali na kichujio na utazame: zinazunguka, au zinashuka na kulala palepale? Koridora wanakaa sakafuni, kwa hiyo sehemu iliyolala ni sehemu yao. Hapo ndipo ninapomwelewa FundiPampu.

#16 SponjiTu
Ndiyo maana rafiki wa mleta mada alisema sponji mbili. Moja kila upande.

#17 MajiTulivu
Naomba kuingia na kisa changu, kwa sababu kinahusu uamuzi huuhuu. Tangi langu linakaribiana na la mleta mada, lina mimea mingi, na kwa muda mrefu lilikuwa na kichujio cha ndani ambacho bomba lake lilirusha maji juu ya uso. Nilikibadilisha kwa mkebe mkubwa, nikakitoa cha zamani siku hiyohiyo, na bomba la kurudishia nikalizamisha ili kusiwe na kelele. Maji yamekuwa maangavu kuliko yalivyowahi kuwa. Lakini sasa kila asubuhi, kabla taa haijawaka, nawakuta samaki wako juu kabisa, midomo imegusa uso wa maji, matamvua yanapiga haraka. Kufikia mchana wameshuka na wanakula vizuri. Mkebe una nguvu mara mbili ya kichujio cha zamani. Ni nini hiki?

#18 SponjiTu
Ni uso wa maji. Oksijeni haiingizwi na nguvu ya pampu, inaingia pale hewa na maji vinapokutana, na wewe umeutuliza uso. Inua bomba hadi uone maji yanakunjika juu, au weka sponji moja ya hewa. Nimemaliza.

#19 MkulimaWaMajini
Mimi nalaumu giza. Mimea hutoa oksijeni mchana kwenye mwanga, lakini usiku inapumua kama samaki na kuitumia. Mwenye mimea mingi huwa na oksijeni nyingi jioni na kiasi kidogo kabisa alfajiri. MajiTulivu amesema mwenyewe kwamba taa ikiwaka hali inatengemaa. Kichujio cha zamani kilikuwa kinaficha tatizo hilo.

#20 MkemiaWaNdoo
Maelezo yote mawili yanawezekana, lakini kuna la tatu ambalo sharti lipimwe kwanza. Kichujio cha zamani kilipotolewa siku hiyohiyo, sehemu kubwa ya bakteria ilitoka nacho. Bakteria waliobaki kwenye changarawe na mimea huenda wanashughulikia amonia lakini hawajatosha kwa nitriti. Nitriti huingia kwenye damu ya samaki na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni, kiasi kwamba damu na matamvua huelekea rangi ya kahawia, na samaki hutweta hata kama maji yamejaa hewa. Kwa kawaida mikebe huunganishwa na kichujio cha zamani na viwili hivyo huenda pamoja kwa wiki kadhaa kabla ya kuondoa cha kwanza. MajiTulivu, pima nitriti leo, kabla ya kugusa bomba.

#21 Mhasibu_wa_Maji
Kama ni nitriti, kwa nini mchana wanashuka na kula? Nitriti haijui saa.

#22 MkemiaWaNdoo
Nitriti haijui saa, lakini oksijeni inajua. Samaki ambaye damu yake imedhoofika kidogo anaweza kuvumilia mchana oksijeni ikiwa nyingi, na akashindwa alfajiri ikiwa kidogo. Sababu mbili ndogo zinaweza kukutana.

#23 FundiPampu
Mnausahau mkebe wenyewe. Bakteria wanaotibu amonia wanakula oksijeni: kila miligramu 1 ya naitrojeni ya amonia inayogeuzwa hadi nitrati inahitaji takribani miligramu 4.6 za oksijeni. Ongeza uchafu unaooza kwenye sponji ya kwanza, nao una walaji wake. Maji yanayotoka kwenye mkebe mchafu yanarudi yakiwa na oksijeni pungufu kuliko yalivyoingia. Nasema hivi mimi niliyeupigia debe mkebe tangu #3, kwa hiyo msiseme nina upande. Afungue aone.

Anayefungua kwa mara ya kwanza asishangae. Zima umeme, funga valvu zote mbili, kisha uubebe mkebe hadi kwenye beseni, maana ukifunguka kabatini utajuta. Ukiinua kifuniko utaona sponji ya kwanza imevaa ute wa kahawia kama tope la mto, na ukiukamua kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, maji yatageuka rangi ya chai kwa mkamuo mmoja. Hiyo ni kawaida. Usiioshe hadi iwe nyeupe, na usitumie maji ya bomba yenye klorini, kwa sababu klorini imewekwa humo kuua bakteria na haitachagua. Kisha futa mpira wa kuzibia ulio kwenye ukingo wa kifuniko, hakikisha hakuna hata chembe ya mchanga juu yake, na uupake mafuta ya silikoni. Mikebe mingi inayodaiwa kuvuja imevujishwa na chembe moja hapo.

#24 BibiGapi
Na joto je? Maji ya nyuzi 20 yakijaa hewa hubeba takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 25 hubeba 8 na kidogo, ya nyuzi 30 hubeba 7.5 hivi. Kama msimu umebadilika tangu abadilishe kichujio, basi sababu inaweza isiwe kichujio kabisa.

#25 MajiTulivu
Ahsanteni wote. Sina kipimo cha nitriti nyumbani, nitakitafuta. Joto la maji ni nyuzi 28 na sijui lilikuwa ngapi zamani. Nitafungua mkebe.

#26 Usingizi_Mwepesi
Mimi nina swali dogo la pembeni. Tangi langu liko chumba cha kulala na pampu ya hewa inanguruma usiku kucha. Wanaosifu sponji mbona hawasemi hilo?

#27 SponjiTu
Pampu inayokaa moja kwa moja juu ya mbao hutumia mbao hiyo kama ngoma. Iweke juu ya kipande cha sponji au itundike kwa kamba. Na kama imekaa chini ya usawa wa maji, weka valvu ya njia moja kwenye mpira wa hewa, la sivyo umeme ukikatika maji yatarudi kwenye mpira, yashuke hadi ndani ya pampu na kisha sakafuni.

#28 FundiPampu
Mkebe haungurumi. Nimesema tu.

#29 SponjiTu
Na umeme ukikatika mkebe hauna hewa. Maji yaliyofungiwa ndani yanaishiwa oksijeni ndani ya saa chache, bakteria wanaanza kufa, uchafu unaoza bila hewa, halafu umeme ukirudi pampu inausukuma mchanganyiko huo wote kwa samaki. Mwenye mkebe akikaa gizani muda mrefu sharti aufungue na kuusuuza kabla ya kuuwasha. Sponji yangu iko wazi majini, na pampu ndogo ya betri inaiendesha mpaka asubuhi. Nimesema tu.

#30 Msimamizi
Ndugu zangu, turudi kwa mleta mada. Masuala ya kelele yafunguliwe uzi wake.

#31 MkulimaWaMajini
Nilikuwa nasubiri mtu aulize kama kichujio ni lazima. Mwaka 1850 mkemia Mwingereza Robert Warington aliieleza jumuiya ya wanakemia jinsi alivyowaweka samaki wa dhahabu wawili pamoja na mimea ya valisneria na konokono kwenye chombo kimoja, mmea ukitoa oksijeni, samaki akitoa kaboni dioksaidi, konokono akila majani yaliyooza. Hapakuwa na umeme wala pampu. Mimea mingi ya majini hupendelea kunyonya naitrojeni ikiwa katika umbo la amoniamu (umbo la amonia lisilo na sumu kali) kuliko nitrati, maana yake inaiondoa amonia kabla haijafika kwa bakteria yeyote. Kwa tetra wachache, mimea inayokua haraka na samaki wachache vinaweza kuwa ndicho kichujio chenyewe, na pampu ndogo ikatumika kusogeza maji tu.

#32 JichoLaKioo
Sipingi, lakini mleta mada amesema mimea isiyohitaji matunzo makubwa. Mimea ya namna hiyo mingi hukua polepole, na mmea unaokua polepole unanyonya polepole. Anayetegemea mimea peke yake lazima awe na mimea inayokua haraka, mwanga wa kutosha na uangalifu wa kutolisha kupita kiasi. Kwa anayeanza, hayo ni masharti mengi kuliko kuosha sponji.

#33 MkulimaWaMajini
Mimea inayoelea juu hukua haraka na haina matunzo. Atatupa ya ziada, basi.

#34 SponjiTu
Na ikifunika uso wote, oksijeni itaingilia wapi? Rudi #18.

#35 TangiJipya
Wakuu, nimesoma yote. Wazo langu sasa ni kuanza na sponji mbili kubwa, moja kila upande, kisha nipime. Nikiona uchafu unalala katikati niongeze mkebe mdogo baadaye, sponji zikiendelea. Je, kuna kosa katika mpango huu? Na pili, muuzaji ananishauri niweke mkaa maalumu na zeolaiti tangu siku ya kwanza ili maji yawe salama haraka.

#36 MkemiaWaNdoo
Mpango wako hauna kosa ninaloliona. Kuhusu mkaa: unaondoa rangi ya magogo, harufu na mabaki ya dawa, lakini hauondoi amonia kwa kiasi cha maana, na ukijaa unabaki kuwa sponji ghali. Unapotibu samaki lazima uutoe, la sivyo mkaa huo utaimeza dawa. Zeolaiti ni kweli inanasa amonia kwenye maji baridi, na kwa sababu hiyohiyo inawanyima chakula bakteria unaowatafuta. Wakati huohuo mtu akiweka chumvi kutibu ugonjwa, zeolaiti huiachia amonia iliyoshika.

Badala yake, acha tangi liive bila samaki. Tia amonia safi isiyo na sabuni wala manukato hadi ifike takribani miligramu 2 kwa lita, pima, na ungoje. Kwanza amonia itashuka na nitriti itapanda, kisha nitriti nayo itashuka. Siku ambayo kiasi hicho cha amonia kinaisha ndani ya saa 24 na nitriti ni sifuri, badilisha maji mengi na uingize samaki. Mara nyingi ni wiki 4 hadi 6. Ukipata sponji iliyotumika kutoka kwenye tangi la rafiki yako lenye samaki wenye afya, muda huo unafupika sana. Na angalia pH isishuke: bakteria hawa hula alkalini ya maji wanapofanya kazi, na pH ikienda chini ya 6 wanazorota hadi karibu kusimama.

#37 FundiPampu
Ongeza na dawa ya kuondoa klorini. Maji ya mifumo mingine huwekwa kloramini, na hiyo haiondoki kwa kuyaacha kwenye ndoo usiku mmoja kama klorini ya kawaida. Kuhusu mpango, mimi ningegeuza: mkebe kwanza, mdomo wa kunyonya ukivalishwa sponji ili kamba wasimezwe, na sponji moja ya hewa kama akiba ya umeme. Ukisubiri hadi uone uchafu, mimea itakuwa imeshaota na kupanga mabomba itakuwa kero.

#38 Mhasibu_wa_Maji
Kabla hajaamua, aangalie kabati. Maji peke yake ni kilo 156 na ushee, ukiongeza kioo na changarawe unapita kilo 200. Kabati lililotobolewa mgongoni kwa ajili ya mipira ya mkebe limepoteza sehemu ya uimara wake. Na waya wa umeme uning'inie uunde tumbo chini ya soketi ili tone la maji lidondoke hapo badala ya kuingia kwenye umeme.

#39 MajiTulivu
Nimerudi. Nitriti imesoma kati ya sifuri na alama ya kwanza. Rangi ya kipimo siielewi vizuri. Sponji ya kwanza ya mkebe ilikuwa kama FundiPampu alivyoieleza, nimeikamua. Kwa kuwa mikono ilikuwa imeshalowa, nimeinua pia bomba hadi maji yanakunjika juu, na nimepunguza mimea inayoelea. Leo alfajiri samaki walikuwa katikati ya tangi.

#40 SponjiTu
Uso wa maji. Nilisema.

#41 FundiPampu
Ameosha mkebe siku hiyohiyo.

#42 MkulimaWaMajini
Na amepunguza mimea.

#43 MkemiaWaNdoo
Na nitriti haijasomeka vizuri, kwa hiyo haijafutwa kwenye orodha. MajiTulivu, soma kipimo hicho mchana karibu na dirisha, chupa ikiwa imegusa kadi nyeupe, na rudia kesho na keshokutwa. Ukitaka kujua ni kipi kilichowashusha samaki, zamisha tena bomba kwa usiku mmoja, bila kugusa kingine chochote, ukiwa na pampu ya hewa karibu na saa ya kukuamsha kabla ya mapambazuko.

#44 MajiTulivu
Samaki wangu wamelala salama kwa mara ya kwanza, halafu mnataka nizamishe bomba ili nyinyi mmalize ubishi? Bomba linabaki juu.

#45 TangiJipya
Nimechukua sponji mbili, na rafiki yangu amekubali kunipa moja iliyoiva kutoka kwake. Tundu la mgongoni mwa kabati nimeliacha lilivyo, bila kulipanua, mpaka nipate majibu ya chembe za chakula kama alivyoelekeza JichoLaKioo kwenye #15.